Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 11: Aliye Juu ya Mto



Ndugu zangu katika imani, leo tujiulize: anayekaa juu ya mto, maji ni yake?

Sisi wa Mgeta tuko juu. Maji yakishapita kwenye ngazi zetu za karoti na kabichi yanateremka kuingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Oktoba 2022 mto ulipopungua, DAWASA ilianza mgao mjini, na lawama zikapanda mpaka kwa wakulima wa juu. Jibu jepesi ni kusema: Mungu katuweka huku, wao wangoje.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zubayr na Mwanswari mmoja wa Madina waliogombea mfereji. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimwambia anyweshe kisha amwachie jirani. Yule Mwanswari akasema kapendelewa kwa kuwa ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Uso wa Mtume ukabadilika, ndipo akampa Zubayr haki yake yote: ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba.

Tazama vizuri. Aliye juu ana haki ya kutangulia. Lakini hata haki kamili ina mpaka: shamba likishiba, fungua. Na kabla ya haki, Mtume alianza na ihsani. Aliyeikosa ihsani ile ni wa chini, kwa dhana mbaya.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo ina mpangilio: matumizi ya nyumbani kwanza, kisha maji ya kuuacha mto uishi, ndipo kilimo na viwanda. Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayotoa vibali.

Utaniambia: "Ustadhi, bomba la mjini linapasuka maji yanamwagika, halafu mimi ndiye nizime pampu?" Una hoja. Mamlaka inayoacha maji yapotee imepoteza amana. Na msimamizi anayembana mwenye vitalu viwili huku akimfumbia macho mwenye shamba kubwa, huyo ni dhalimu. Yasemwe hayo kwenye mikutano, tena kwa sauti.

Lakini dhuluma ya mwingine haiihalalishi yangu. Anayekosa maji kule si bomba lililopasuka. Ni mama mwenye ndoo, naye amefunga kama wewe.

Basi tuanze na mfereji wetu, unaopita kwa Waislamu na Wakristo. Zamu yako ikiisha, fungua, hata kama hakuna anayekuona. Usiku huu kabla ya tarawehe, nenda kaangalie: maji yanayozidi kwako yanakwenda wapi?

Ewe Mola, tunyweshee mvua yenye kheri, utuepushe na uchoyo wa neema Yako. Aamin.

Wabillahi tawfiq.