Lesoni ya 8: Kwenda Kuangalia Ukumbi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya lesoni ya juma hili: Hes. 9:6–13; Law. 14:33–38, Kum. 22:8, Mt. 4:5–7, Lk. 14:28–30; Rum. 13:1–7, 1 Kor. 10:23–33.

Fungu la kukariri: Wafilipi 2:4. Lifunue katika Biblia yako na ulikariri pamoja na darasa.

Machi 16, 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alifunga shule kwa siku 30 na kuzuia michezo, matamasha na mikutano ya kukusanya watu wengi. Nyumba za ibada ziliachwa wazi. Watu hawakufungiwa majumbani kama ilivyokuwa katika nchi nyingine. Mjini Morogoro mabasi yaliendelea kuingia na kutoka Msamvu, na masoko yaliendelea kuuza. Ndiyo maana waumini wengi walijikuta na maswali ambayo hakuna tangazo lililoyajibu moja kwa moja. Kamati ya harusi iendelee kukutana? Wageni waalikwe? Je, ni halali kwenda kuangalia kumbi za harusi wakati nchi imeambiwa iepuke misongamano?

Swali la mwisho linaonekana dogo, na huenda ndiyo sababu watu hawakulipeleka kwa mchungaji. Juma hili darasa litalichukua kwa mfano wa familia moja ya kata ya Mwembesongo, nalo litapimwa kwa Maandiko.

JUMAPILI
Watu Nane Ndani ya Gari Moja

Harusi ilipangwa Jumapili moja ya mwezi wa Mei. Kadi za michango zilikuwa zimetoka tangu Januari, na wengi walikwisha kulipa ahadi zao. Kilichobaki kilikuwa ukumbi. Wa kwanza familia iliuacha, kwa sababu mwenyewe alitaka vinywaji vyote vinunuliwe kaunta kwake, bia ikiwamo. Mama mkubwa wa binti, mwenyekiti wa kamati, akapanga siku ya kuzungukia kumbi tatu nyingine.

Sabato haikufaa kwa shughuli hiyo, kila mmoja alilijua hilo. Jumapili asubuhi ndipo kila mtu alikuwa na nafasi. Lakini hiyo ndiyo asubuhi ambayo kumbi nyingi huwa zimetoka kutumika usiku wa Jumamosi. Viti havijafutwa, madirisha yamefungwa, na hewa ya jana bado imo ndani.

Nani aende? Bibi harusi na bwana harusi. Mama mkubwa. Mhazini, kwa kuwa pesa zilikuwa kwake. Mpambaji, mpishi na mshereheshaji, ambao kila mmoja alitaka kuona mahali pake pa kazi. Na mjomba wa binti, maana kwa Waluguru ukoo huenda kwa upande wa mama, na mjomba akiachwa nyumbani katika jambo kama hilo litazungumzwa miaka kumi. Jumla watu nane, ndani ya Noah moja, vioo juu kwa sababu ya mvua za masika.

Binti ndiye aliyesita kwanza. Alimfuata mama mkubwa jikoni jioni ya Ijumaa kabla jua halijazama.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mbona umejikunyata hivyo?"

"Hilo la Jumapili, mama. Tukishatoka kule tunarudi huku kwa bibi. Naogopa."

Bibi mzaa mama alikuwa ameshuka kutoka Mgeta tangu Februari kwa ajili ya kliniki ya presha, akawa analala chumba kimoja na binti. Mama mkubwa alijibu kwamba serikali haijamkataza mtu kuuliza bei ya ukumbi. Alisema kweli.

Soma 1 Wakorintho 10:23, 24. Je, jibu la mama mkubwa linatosheleza swali la binti? Kama halitoshelezi, ni nini kimepungua?

JUMATATU
Sheria Inaposema na Inaponyamaza

Soma Warumi 13:1–7. Mwaka huohuo, mpakani tu, mambo yalikuwa tofauti. Uganda ilifunga nyumba za ibada mwezi Machi, na harusi ikaruhusiwa kwa watu wasiozidi kumi. Uingereza ilizuia harusi kabisa kuanzia Machi 23. Kenya, ilipoanza kulegeza masharti Julai, iliweka kikomo cha watu 100. Mwadventista aliyekuwa Kampala au London hakuwa na haja ya kufunga na kuomba apate kujua kama aende kukagua ukumbi. Mamlaka ilikwisha kusema, na agizo lenyewe lilikuwa la kulinda uhai.

Wapo wanaokimbilia Matendo 5:29 kila serikali inapowabana. Fungu hilo ni la thamani, lakini mitume walikuwa wamekatazwa kulihubiri jina la Yesu. Hakuna agizo la Mungu linalomtaka mtu aone rangi ya mapazia ya ukumbi kabla ya kulipia.

Tanzania sheria ilinyamaza juu ya jambo hili, na kunyamaza huko kulizaa jaribu lake. Katika kikao kimoja cha kamati mtu alipendekeza kwamba karamu nzima, ya watu 400, iandikwe kwenye kadi kuwa ni "ibada ya shukrani", kwa kuwa ibada zimeruhusiwa. Wengine walicheka wakaona ni akili. Mzee wa kanisa, baba yake bwana harusi, hakucheka. Aliuliza nani atakayesimama mlangoni kumwambia mtendaji wa kata kwamba wali, kuku na muziki ni ibada. Kikao kikanyamaza, na pendekezo hilo halikurudi.

Soma Mathayo 5:37. Neno la kanisa lina thamani gani kwa jirani asiyesali, siku anapogundua kwamba lilitumika kupitisha jambo lingine?

JUMANNE
Pasaka ya Mwezi wa Pili

Soma Hesabu 9:6–13. Hapa kuna watu waliotaka kufanya jema wakazuiwa. Walikuwa wamegusa maiti, pengine kwa kuzika ndugu zao, na siku ya Pasaka ikawakuta hawako safi. Hawakuinywea hasira, wala hawakuingia kwa siri. Walikwenda kwa Musa wakauliza waziwazi kwa nini wazuiliwe. Musa naye hakujifanya kuwa na jibu. Aliwaambia wangoje, akaenda kumsikiliza Bwana.

Jibu la Mungu ni la ajabu kidogo kwa mtu anayemdhania kuwa mkali wa tarehe. Pasaka ilikuwa na siku yake, ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza, siku iliyobeba ukombozi wa taifa zima. Kwa ajili ya watu hao wachache Mungu aliweka siku nyingine, ya kumi na nne ya mwezi wa pili. Sikukuu ilikuwa ileile: mwanakondoo, mikate isiyotiwa chachu, mboga chungu. Hakuna lililopunguzwa kwa sababu ya kuchelewa. Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia na watu wake waliitumia nafasi hiyohiyo, makuhani walipokuwa hawajajitakasa wa kutosha (2 Nya. 30:2, 3).

Lakini fungu la 13 lina upande wa pili. Aliye safi, asiye safarini, akiacha tu kuifanya Pasaka kwa wakati wake, huyo ana hatia. Kuahirisha si kisingizio cha uvivu. Wapo vijana ambao korona iliwapa sababu ya kuendelea kuishi pamoja bila ndoa, kwa madai kwamba ukumbi haupatikani. Hilo Hesabu 9 hailitetei.

Familia ya Mwembesongo ililazimika kutenganisha mambo mawili ambayo desturi ilikuwa imeyafunga kamba moja: agano na karamu. Agano lilihitaji mchungaji, mashahidi na wawili wanaopendana. Karamu ndiyo iliyohitaji ukumbi.

Kabla hujasonga mbele, fikiri kuhusu binti. Alikuwa ameiota siku ile tangu akiwa mtoto wa Watafuta Njia. Aliposikia kwamba karamu huenda isiwe Mei alilia, na mtu mmoja wa kamati akamwambia asilie kwa mambo ya dunia. Wale watu wa Hesabu 9 walihuzunikia sikukuu iliyowapita, na Mungu hakuwakemea. Wangapi katika darasa lako waliahirishiwa jambo mwaka ule, na nani aliyewapa pole?

JUMATANO
Kuhani Mlangoni

Soma Mambo ya Walawi 14:33–38. Nyumba imeonekana kuwa na pigo. Mwenye nyumba anakwenda kumwambia kuhani, na kuhani lazima aione, maana hawezi kuamua kwa kusikia tu. Hata hivyo kabla hajaingia anaagiza itolewe vyombo, ili kilichomo kisihesabiwe kuwa najisi. Anaingia, anaangalia, anatoka, anaifunga siku saba. Agizo hili lilihusu unajisi wa kiibada, wala lisifanywe kitabu cha tiba. Lakini linaonyesha namna mtu wa Mungu anavyoingia mahali penye mashaka: anaingia kwa sababu ipo kazi ya kufanya, na kwanza anapunguza watakaodhurika.

Soma pia Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwisraeli anayejenga nyumba anawekea dari ukingo, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yake. Ukingo ule unajengwa kabla mtu yeyote hajaanguka.

Mzee wa kanisa na mama mkubwa walikaa barazani, kila mmoja kwenye kiti chake upande wake, na baada ya mazungumzo marefu wakakubaliana hivi. Wangekwenda wawili tu, bwana harusi na kaka yake binti, siku ya Jumanne, ukumbi ukiwa haujatumika tangu Jumamosi. Wangempigia simu msimamizi mapema afungue madirisha. Wangevaa barakoa, wangepima ukubwa wa ukumbi, wangepiga picha, na habari ya bei wangeizungumzia nje, chini ya mti. Mpishi na mpambaji wangeona kwenye simu. Kumbi mbili kati ya tatu ziliondolewa kwa kuuliza maswali kwa simu tu: moja ilikuwa na sharti la bia, nyingine haikuwa na madirisha ya kutosha.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyemfikiria mpaka vijana walipofika. Mlinzi wa ukumbi, mzee wa makamo, alikuwa amekwisha kufungulia kamati nyingine mbili asubuhi hiyo. Ndoo ya kunawia ilikuwa tupu. Kaka yake binti alikwenda kuteka maji akaijaza, akanunua sabuni dukani, ndipo wakaingia.

Je, ukienda mahali kwa shughuli yako, ni nani anayebaki pale baada yako?

ALHAMISI
Kinara cha Hekalu

Soma Mathayo 4:5–7. Mjomba hakuridhika. Alisema kwamba watu wamekosa imani, kwamba Mungu aliyewalinda wakati wa kipindupindu ndiye yuleyule, na kwamba yeye anajifukiza nyungu kila jioni. Imani ya mjomba haikuwa ya kudharauliwa; aliwahi kuuguza wagonjwa ambao wengine waliwakimbia. Lakini ibilisi naye alinukuu ahadi ya kweli alipomwambia Yesu ajitupe. Mwana wa Mungu alikataa kufanya ahadi ya Baba Yake kuwa sababu ya kuruka. Kumuuguza jirani kwa sababu anakuhitaji, na kujazana ndani ya gari kwa sababu mtu asije akanuna, si jambo moja.

Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mjomba, akampigia goti la salamu, akamwonyesha picha za ukumbi moja moja, akamwomba achague pa kukaa wazee. Mjomba alichagua karibu na mlango.

Luka 14:28–30 inasema habari ya kuketi na kuhesabu gharama. Familia ilihesabu. Waliolipa michango walipigiwa simu mmoja mmoja, wakaambiwa fedha ziko wapi na karamu imesogezwa. Waliotaka kurudishiwa walirudishiwa. Malipo ya awali ya mpambaji hayakurudi. Agano lilifungwa kanisani Mei, Jumapili asubuhi, wakiwapo wazazi, mashahidi na ndugu wachache, benchi moja likikaliwa na watu wawili. Bibi hakwenda. Maharusi walipita nyumbani na magauni yao, wakasimama nje ya dirisha lake. Karamu ilifanyika Septemba, shule zikiwa zimefunguliwa tangu Juni 29, na watu walikuwa pungufu ya nusu ya wale wa kwanza.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Yohana 2:1–11, kisha sura inayohusu harusi ya Kana katika Tumaini la Vizazi Vyote cha Ellen G. White. Yesu alikubali mwaliko, na muujiza Wake wa kwanza aliufanya karamuni. Angalia ni nani waliojua divai ilikotoka.

Maswali ya Kujadili

1. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia mkoani Kagera. Kama kungekuwa na harusi katika kanisa lako mwezi huo, ni uamuzi gani ungekuwa wa mchungaji, upi wa kamati, na upi wa maharusi wenyewe?

2. Mama mkubwa alikuwa sahihi kuhusu sheria na binti alikuwa sahihi kuhusu bibi. Dada mmoja darasani anasema mzee wa kanisa alipaswa kukataza jambo lote, hata wale wawili wasiende. Mjibu kwa Maandiko, au umuunge mkono kwa Maandiko.

3. Je, kanisa lenu linamsaidiaje mtu aliyepoteza malipo ya awali kwa sababu alichagua kuwalinda wengine?