Raha ya Masika ni ya Nani?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Ni methali nzuri, tumeikariri tangu tukiwa wadogo, na wazee hutuchapa nayo kila tunapotaka kupumzika. Lakini hebu tuipekue kidogo, ndugu msomaji. Inasema kwanza jua, halafu kivuli. Kwanza jasho, halafu tonge. Kwa maana hiyo raha ni mshahara wa mwisho wa mwezi. Sasa je, yule anayekufa tarehe 15?

Nauliza hivyo kwa sababu huku kwetu Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, msimu unaotukaba koo ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua hainyeshi kwa ratiba ya mtu. Mahindi yanataka palizi, na majani nayo yanaota usiku kama yamelipwa. Kwenye mpunga, ndege hawana Jumapili. Wa kidato cha sita nao mtihani uko mlangoni. Ukimwomba mtu mkae kidogo, jibu ni moja tu: "Tutakaa tukishavuna." Mkishavuna, kuna kupukuchua, kuna deni la mbolea, kuna sare za watoto. Kivuli kinasogea kila ukikikaribia.

Mimi nasema raha ndogo haingoji mavuno. Masika yenyewe yamejaa raha hizo: harufu ya udongo jembe linapoingia, mboga ya maboga iliyochumwa sasa hivi, kumbikumbi wa kukaanga, bati linavyolia usiku na wewe shuka lako limekauka. Hakuna hata kimoja hapo kinachopunguza kazi ya tuta moja. Anayevionja njiani hamwibii mtu. Siku ya palizi nayo ni siku ya maisha yake, hakuiazima.

Hapo mwenzangu mmoja alinibana. Tulikuwa tumejibanza kibandani, mvua imetufungia. "Wewe unawafundisha maskini kuridhika," akasema. "Kesho tajiri atamwambia kibarua wake: mshahara haupandi, furahia harufu ya udongo."

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wapo kweli wanaosifia uji wa wenzao huku wao wakila pilau. Lakini kufurahi na kuridhika ni vitu viwili. Anayeujua utamu wa nusu saa ya mapumziko ndiye atakayeipigania. Aliyeisahau ladha yake utamnyang'anya mchana kweupe, na hatajua kapoteza nini.

Epicurus, yule Mgiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, jina lake limegeuzwa kuwa la walafi. Kumbe mwenyewe alifundisha kwamba mkate na maji humpa mwenye njaa raha ya juu kabisa. Kinachonivutia zaidi ni mlango wa bustani yake kule Athens: wanawake na watumwa nao waliingia, wakakaa pamoja na wengine katika mazungumzo. Nadhani swali lenyewe liko hapo. Ukubwa wa raha haunisumbui. Ninachouliza ni nani amekaa na nani amesimama.

Maana chai ya masika, bwana, ni tamu mno. Ila nani kaipika? Kuni zimelowa, moshi umejaa jikoni, mama katoka shamba lile lile tulilotoka sisi, na jembe la uzito ule ule, na sasa anapuliza moto huku machozi yanamtiririka. Sisi vijana wa kiume tumejinyoosha mkekani tunasifu maisha rahisi. Eti raha ndogo haina gharama! Inayo, ila deni kaandikiwa mwingine.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: raha ndogo ni halali pale inapomkalisha na yule aliyeiandaa. Kama chai inaweza kungoja dakika tano mpaka mama naye akae, hiyo ni raha. Isipoweza, ni utumwa uliotiwa sukari. Basi kuwe na zamu ya kupuliza moto, kuwe na zamu ya kuchota maji, na kiwepo kigoda kimoja zaidi. Palizi tutaikuta pale pale. Majani hayajawahi kumkimbia mtu.

Na huko kwenu, ndugu msomaji, jioni ya leo chai ikimiminwa, ni nani atakayekuwa bado amesimama?