Wingu Halisimamishi Mbingu

Somo: Mwanzo 15:1-6

Kila mwaka, usiku wa Agosti 12 kuamkia 13, dunia hupita kwenye vumbi lililoachwa na nyotamkia Swift-Tuttle. Chembe ndogo kama mchanga huingia hewani kwa kasi ya kilomita 59 kwa sekunde na kuwaka. Ndivyo vimondo.

Nilikesha na vijana wetu juu ya paa la ghorofa, Umoja, tukitazama kaskazini. Agosti ya Nairobi mnaijua: baridi na mawingu. Hatukuona hata kimoja!

Sasa niwaulize: havikupita? Vilipita! Wingu lilifunika macho yetu, halikusimamisha mbingu.

Dada, umetafuta kazi miaka mitatu, na mwenye nyumba anabisha. Nilisomea biashara, najua hesabu ikikataa, imekataa. Siwezi kukuahidi barua ya kazi Jumatatu. Lakini usiseme Mungu amelala. Abramu alionyeshwa nyota akiwa hana mtoto hata mmoja, na akaamini.

Nawe ambaye kwako kumetakata, wiki hii beba unga, bisha kwa jirani, ukeshe naye. Chini ya wingu, mtu asiachwe peke yake. Amina.