Saa ya Jack Bauer Ilipokwisha

Wengi wetu tuliokuwa ughaibuni katika miaka ile ya 2000 tunaikumbuka sauti ya ile saa. Tarakimu zinang'aa juu ya kioo cheusi, sekunde zinagonga, na chai inaachwa ipoe mezani. Tamthilia ya "24" ilianza kuonyeshwa na kituo cha Fox cha Marekani tarehe 6 Novemba 2001, wiki nane baada ya minara ya New York kuanguka, na ikafika mwisho tarehe 24 Mei 2010. Misimu minane, vipindi 192. Kila msimu ulikuwa siku moja, kila kipindi saa moja ya siku hiyo. Wenzetu wa Uingereza waliianzia BBC, kisha ikahamia Sky. Asiyekuwa na Sky akasubiri DVD, na DVD moja ilizunguka nyumba kumi kabla ya kumrudia mwenyewe, kama ilimrudia.

Mwaka 2014 waliirudisha kwa vipindi 12 vilivyochezwa London, lakini sisi tunauhesabu mwaka 2010 kuwa ndio mwisho. Na ni msimu ule wa nane tunaotaka kuuzungumzia, kwa sababu uliuliza swali ambalo misimu saba iliyotangulia ilikuwa ikilikimbia: mtu mwema akifanya uovu kwa ajili ya kuwaokoa wengine, uovu ule unakwenda wapi kazi ikiisha?

Kwa wasioifahamu, stelingi ni Jack Bauer, aliyechezwa na Kiefer Sutherland, askari wa kikosi cha kupambana na ugaidi. Kila msimu kuna bomu, au virusi, au sumu, na saa inakwenda. Kuna mtu ameshikwa, na mtu huyo anajua. Bauer anamuuliza mara moja, mara ya pili; ya tatu anavunja kidole au anatia waya wa umeme. Mtu anasema. Jiji linapona. Jumuiya moja ya wazazi huko Marekani ilihesabu matukio 67 ya mateso katika misimu mitano ya kwanza tu.

Msimu wa nane unahamia New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Rais wa Marekani, mama Allison Taylor, anakaribia kutia saini mkataba wa amani na nchi ya kubuni iitwayo Kamistan, Urusi nayo ikiwemo. Rais Omar Hassan wa Kamistan anauawa. Halafu muuaji wa Kirusi anampiga risasi kutoka mbali Renee Walker, mwanamke aliyekuwa mpelelezi wa FBI na ambaye Bauer alikuwa ameanza kumpenda. Hapo ndipo hadithi inapogeuka, na waandishi wake tunawapa heshima yao kwa hili: bomu halipo tena. Saa bado inagonga, lakini hakuna jiji linalosubiri kuokolewa. Bauer anamkamata yule muuaji, Tokarev, anamfunga, anamtesa kwa vyombo vilevile na mikono ileile. Tokarev hatamki kitu. Mwishowe Bauer anatambua kwamba amemeza kadi ya simu, naye anampasua tumbo aitoe. Kutoka hapo anakwenda kumwua waziri wa Kirusi, na karibu na mwisho tunamkuta dirishani, bunduki begani, akimlenga rais wa Urusi. Chloe, rafiki yake wa miaka yote, ndiye anayemrudisha kwa maneno.

Watazamaji wengi walilalamika kwamba Bauer amebadilika. Sisi tunasema hakubadilika. Kilichoondolewa ni udhuru. Miaka minane tulikuwa tukimtazama akitesa na tukisema ni kwa ajili ya watoto wa Los Angeles. Ulipoondolewa mji wa Los Angeles, mkono uliendelea kufanya kazi uliyoizoea. Waswahili husema mla nyama ya mtu haachi. Mwalimu Nyerere aliutumia mfano huo kwa ubaguzi, kwamba ukishaionja utaendelea kuila, nao unafaa hapa vilevile.

Sasa turudi kwenye ile saa, maana ujanja wote umo humo. Sisi tulioketi sebuleni tulikwishaonyeshwa kwamba mtu aliyeshikwa ni mhalifu. Tulimwona akipokea simu, tulimwona akificha begi. Kwa hiyo Bauer anapompiga, sisi hatuna shaka, na kwa kuwa hatuna shaka tunadhani Bauer naye hana haja ya kuwa nayo. Lakini chumba cha mahojiano cha kweli hakina kamera iliyotangulia kumwona mtuhumiwa nyumbani kwake. Kina jina, fununu, na askari aliyechoka. Anayetesa hajui kama aliye mbele yake anajua; anatesa ili ajue kama anajua. Swali la "je, si halali kumtesa mtu mmoja uokoe elfu?" linaulizwa kana kwamba kujua kumekwisha kupatikana bure.

Na hata ndani ya hadithi yenyewe walikosea. Katika msimu wa nne, mwaka 2005, mfanyakazi wa kikosi kilekile, Sarah Gavin, alishukiwa kuwa msaliti akapigwa umeme na wenzake. Hakuwa na kosa. Baada ya saa chache yuko tena kwenye meza yake akifanya kazi, na anadai nyongeza ya mshahara! Tulicheka wakati ule. Ni msimu huohuo ambao familia ya Kiislamu ya jirani, watu wa sauti ya upole wenye jina kama letu, iligeuka kuwa kiota cha magaidi, hata Waislamu wa Marekani wakapeleka malalamiko na Sutherland akatolewa hewani kusema kwamba Waislamu wa nchi ile si magaidi. Asubuhi yake tulipanga foleni uwanja wa ndege na pasipoti zetu kama kawaida. Mkuki kwa nguruwe.

Mtu atasema hii ni michezo tu ya televisheni, tusikuze mambo. Lakini mwezi Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo wa chuo cha jeshi cha West Point, alisafiri hadi California akiwa na wahoji wenye uzoefu kuwaomba watengenezaji waache kuonyesha kwamba mateso hufanikiwa, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa wakiyaamini. Na mwaka 2007 huko Ottawa, Antonin Scalia, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, alimtaja Jack Bauer kwa jina mbele ya wanasheria wenzake na kuuliza ni baraza gani la wazee wa mahakama lingemtia hatiani. Jaji wa mahakama ya juu kabisa anajenga hoja juu ya mtu asiyekuwepo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso wa mwaka 1984 ulikwishalijibu swali hili, ukasema hakuna hali yoyote ya dharura, iwe vita au tishio la vita, inayohalalisha mateso. Marekani iliuridhia mwaka 1994. Walioliandika lile neno "yoyote" walikuwa wakiijua hadithi ya saa.

Tusimsahau mama Taylor, maana kwa maoni yetu yeye ndiye mtu wa msimu ule, si Bauer. Mwishoni mwa msimu wa saba alimtoa binti yake wa kumzaa mikononi mwa sheria, na ndoa yake haikupona. Kama kuna aliyekuwa msafi ndani ya hadithi ile, ni yeye. Lakini anapoambiwa kwamba Warusi ndio waliokuwa nyuma ya mauaji, na kwamba akisema wazi mkataba utakufa, ananyamaza. Kisha anaficha. Kisha anamfungia mwandishi wa habari. Mwisho anamtishia mjane wa Hassan, Dalia, aliyekalia kiti cha mumewe, kwamba nchi yake itapigwa na jeshi la Marekani asipotia saini. Amani kwa vitisho vya vita! Bauer aliingia gizani kwa mlango wa hofu, na huyu kwa mlango wa tumaini, na huu wa pili tunauogopa zaidi, kwa sababu anayefanya ubaya kwa ajili ya jambo zuri hasikii hata harufu yake. Kalamu ikiwa mkononi, anashindwa kusaini, anaiweka chini na kujiuzulu.

Lakini kuna swali ambalo mtu akituuliza sisi wa Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kulijibu kwa wepesi: na kama jengo lile ni la kwenu? Lilikuwa la kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam, watu 224 walikufa, wengi mno wakiwa Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Mama aliyepoteza mwana Nairobi akituambia kwamba angemkata vidole mtu yeyote kuzuia asubuhi ile, hatutamsomea mikataba. Tutamkalia matanga.

Ila yaliyotokea baadaye yanajulikana, nayo hayafanani na ya Bauer. Mwaka 2001 watu wanne walishitakiwa kwa milipuko ile katika mahakama ya Manhattan. Mawakili wao walipinga maelezo waliyoyatoa kwa makachero wa FBI, jaji akayapima hadharani, kesi ikaendelea, na mwezi Mei wote wanne walipatikana na hatia katika mashitaka yote. Walihukumiwa kifungo cha maisha mwezi Oktoba, wiki chache tu kabla saa ya Jack Bauer haijaanza kugonga.

Mtu wa tano, Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Yeye hakupelekwa mahakamani. Aliwekwa katika jela za siri za CIA, kisha Guantanamo mwaka 2006, na mahakama ya New York akaifikia mwaka 2009. Kesi yake ilianza Oktoba 2010, miezi mitano baada ya tamthilia kwisha, katika mji uleule ambao Bauer alikuwa akipasua watu matumbo. Upande wa mashitaka ulikuwa na shahidi uliyemwita mkubwa: Mtanzania aliyekuwa tayari kusema kwamba alimuuzia Ghailani baruti. Jaji Lewis Kaplan alimkataa. Shahidi huyo alijulikana kutokana na maneno aliyotolewa Ghailani kwa shuruti mikononi mwa CIA, na serikali haikubishania shuruti hiyo. Huenda alikuwa anasema kweli tupu. Lakini ilikuwa kweli isiyoweza kusimamishwa kizimbani.

Tarehe 17 Novemba 2010 baraza lilimwachia Ghailani katika mashitaka 284, ya mauaji yote yakiwemo, na kumtia hatiani katika moja. Januari 2011 alipewa kifungo cha maisha. Waliopenda mahakama za kiraia walisema mmeona, amefungwa. Waliopenda Guantanamo walisema mmeona, nusura atoke. Hatutaki kuamua kwamba ni kukosekana kwa shahidi yule peke yake kulikoifanya kura iwe ile. Yaliyomo ndani ya chumba cha baraza hubaki humo. Tunajua tu shitaka alilofungiwa lilikuwa lipi: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Wale 224 wamo katika orodha ya yale aliyoachiwa.