Maji Ile Iko na Nini Ndani?

Katika jimbo la Haut-Katanga, kusini mwa Kongo, mtu anayetembea porini na chombo shingoni hadhaniwi kuwa ametoka kutembea tu. Hudhaniwa ametumwa. Watu wa vijijini wamekwisha kuwaona wengi wa namna hiyo: wenye ramani, wenye nyundo ndogo za kugongea mawe, wenye vifuko vya kutilia udongo na kuuandikia namba. Wote walikuwa na adabu, na wote walisema wanapita. Kisha, wenyeji wakiwa wamekwisha kuwasahau, uzio ukaja, nyuma ya uzio akaja mlinzi, na njia ya kwenda mtoni ikalazimika kuzunguka mbali.

Ndiyo maana sisi wachache wa Lubumbashi tunaopenda mchezo huu usiolipa, kupiga picha za milima na maji, huulizwa swali moja kila tuendako: "Munatafuta nini huku?" Jibu la kweli ni kwamba hatutafuti kitu. Ndilo jibu ambalo hakuna anayeliamini.

Na wana haki. Chukua Mwadingusha, upande wa Likasi. Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipita Katanga na msafara wa Bia na Francqui. Aliangalia, akaandika alichokiona, na maporomoko ya mto Lufira pale Mwadingusha yakapewa jina lake kwenye ramani za wakoloni. Kufikia mwaka 1930 kampuni ya Union Minière ilikuwa imejenga hapo kituo cha umeme, na nyuma ya bwawa lake likatanda ziwa Tshangalele. Kituo hicho kiliitwa Francqui. Kile cha Koni, kwenye Lufira hiyohiyo, kikaitwa Bia. Waliopita wakiangalia ndio majina yao yaliyokuja kubandikwa kwenye mitambo. Leo ukienda Mwadingusha na kamera yako, utapiga picha ya maji yaliyobaki baada ya mashine kunywa. Mitambo inahitajika, sikatai. Nami nachaji betri zangu kwa umeme, siku unapokuwepo.

Kamera nayo haikuchelewa. Msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire, uliozunguka Katanga kati ya 1898 na 1900, ulikuwa na mpiga picha wake, François Michel, na mchoraji wake, Léon Dardenne. Vifaa vyao vilipita porini juu ya vichwa vya wapagazi. Kazi zao zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na nyingine ni nzuri kweli. Mtu aliyekaa saa nzima akingoja wingu lisogee hawezi kumdharau mwenzake aliyefanya hivyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tena kwa mzigo mkubwa kuliko wake. Lakini picha ya bonde lisilo na mtu, ikiwekwa mezani Brussels, ilisomeka vingine kabisa. Nchi isiyo na mtu ni nchi isiyo na mwenyewe, na isiyo na mwenyewe huchukuliwa.

Wapo wana wa Lubumbashi waliokwisha kulifikiria jambo hili kwa kina. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alipiga picha za majengo na viwanja vilivyochakaa vya kampuni ya madini ya Gécamines, sehemu pana, kimya, zenye kutu. Kisha akachukua watu kutoka picha za zamani za kikoloni, wafanyakazi na mabwana zao, akawasimamisha humo katikati ya magofu. Mfululizo huo, wa mwaka 2006, unaitwa Mémoire. Baadaye yeye na mwandishi Patrick Mudekereza walifanya kazi juu ya picha na michoro ileile ya msafara wa Lemaire, wakaionyesha Tervuren mwaka 2011. Wengi husema Baloji anapiga picha za historia. Mimi humwona kama mpiga picha wa mandhari mwenye masharti makali kutuzidi sote: hairuhusu ardhi ya Katanga ionekane tupu, hata ikimlazimu kwenda kuwatoa watu kwenye kumbukumbu na kuwarudisha mahali pao.

Nyumbani somo hilo hutolewa kwa maneno machache zaidi. Ukirudi safarini, ukawapa jamaa simu waone ulichopata, wanapitisha kidole: jabali, ukungu, majani, jabali tena. Shangazi anarudi nyuma picha tatu, anatafuta, kisha anauliza: "Na weye uko wapi?" Kwetu foto ni ya mtu. Foto ni ya harusi, ya kufuzu shule, ya kwenda kwa mpiga picha umevaa vizuri ukashika maua ya plastiki. Zile karatasi za picha zilizojaa kwenye masanduku ya mama zetu katika mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo hazina mlima hata mmoja, labda ule uliochorwa kwenye pazia la studio.

Hata maji yalipotundikwa ukutani hayakuwa matupu. Miaka ya 1970 sebule nyingi za Lubumbashi zilikuwa na mchoro wa mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, ameketi ukingoni na nywele zake ndefu. Watu walijua sheria zake: anatoa utajiri, naye anadai malipo, na malipo yenyewe si ya fedha. Huo ndio mchoro wa mandhari tuliokua nao. Maji yalikuwa na mwenyewe, na mtu hakuyakaribia kama anayekaribia bomba.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu tulipokwenda Lofoi. Mto Lofoi unatembea taratibu juu ya uwanda wa Kundelungu, katikati ya nyasi, hauna haraka yoyote. Halafu uwanda unakwisha ghafla, na mto unaanguka mita 340 hivi kuelekea bonde la Lufira. Wengine huyaita maporomoko ya Kaloba. Yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, na ni miongoni mwa maporomoko marefu kuliko yote Afrika ya Kati. Kwa wakazi wengi wa jiji letu ni jina tu, kwa sababu ya barabara. Wakati wa mvua nyingi maji ni ya kutisha, lakini gari linazama kwenye tope kabla hujayaona. Mwezi wa nane na wa tisa njia imekauka, ila mto umekonda, na moshi wa nyasi zinazochomwa umeifanya anga kuwa na rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi. Mwenye akili huenda mwezi wa tano. Mvua imekoma, baridi bado haijauma, hewa imeoshwa, na mto bado una nguvu.

Katika kijiji cha mwisho kabla ya hifadhi tulisimama kusalimia. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini, anachonga mpini wa jembe, naye alitusikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akauliza:

"Maji ile iko na nini ndani?"

"Haina kitu, papa. Tunaenda kuangalia tu, na kupiga foto."

"Munatoka Lubumbashi, munaunguza mafuta yote ile, juu ya kuangalia maji?"

Waliokaa naye walicheka. Yeye hakucheka. Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini, akausogeza machoni kuona kama umenyooka, akasema: "Ata bazungu ba kwanza balisema banaangalia tu."

Sikuwa na la kujibu, na sidhani liko. Tuliagana vizuri, akatutakia njia njema.

Juu ya uwanda tulitembea na mlinzi wa hifadhi, kijana mpole mwenye buti zilizokwisha kisigino. Kutembea na wapiga picha ni adhabu, naye aliivumilia. Huyu anasimama kwa ajili ya ua, yule kwa ajili ya kivuli cha ua. Mmoja wetu alipanda kichuguu. Wageni hawaamini ukubwa wa vichuguu vya Katanga mpaka wamwone mtu mzima juu ya kimoja kama aliyepanda paa la nyumba. Mwenzetu akatangaza kwamba kutoka huko juu nyasi zina rangi tatu. Zilikuwa nazo kweli: kijani karibu na maji, manjano katikati, na juu kabisa, kwenye vichwa vya mbegu, wekundu mwepesi unaoonekana tu upepo ukizilaza upande wa jua. Mtu hauoni wekundu huo akipita na safari zake. Mimi nimekulia nchi hii na sikuwahi kuuona kabla ya kushika kamera.

Hapo ndipo ninapotaka kuutetea mchezo huu, pamoja na ubaya wote wa babu zake. Katanga imeangaliwa sana, lakini karibu kila mara imeangaliwa kwa kuulizwa ina nini chini. Kilima kisichoota miti kilimwambia mchimbaji kwamba hapa kuna shaba. Mti mnene unamwambia mchoma makaa kwamba hapa kuna magunia. Maji yanayoanguka yanamwambia mhandisi kwamba hapa kuna megawati. Jicho letu limefunzwa kupekua. Anayengoja nusu saa ili mwanga ufike kwenye jabali, halafu akaondoka na jabali likabaki lilipo, anafanya jambo ambalo ardhi hii haijafanyiwa mara nyingi. Haliwi jema kwa sababu hiyo peke yake. Lakini ni namna nyingine ya kuwa hapa, na ningependa vijana wetu waionje kabla ya kupewa nyundo.

Ukingoni manyunyu yanapanda badala ya kushuka. Lenzi inalowa kabla hujaielekeza, na vumbi jekundu la barabara lililokuwa limekaa kwenye pembe zake linageuka tope jembamba. Nilifuta kwa ncha ya kitenge, ikalowa, nikafuta tena. Wenzangu walifunga kamera zao kwenye stendi za miguu mitatu na kupunguza kasi ya shata mpaka maji yakawa kama pamba. Ni mtindo unaopendwa dunia nzima, nami siupendi. Maji yanayoanguka mita 340 yana uzito, yana kelele, unayasikia kifuani. Kuyageuza pamba ni kuyanyamazisha. Mimi niliongeza kasi mpaka kila kishada cha maji kikaonekana kimechanika peke yake.

Ubishi mkubwa zaidi ulikuwa juu ya mlinzi wetu. Alikuwa amesimama mbali kidogo upande wa kushoto, mikono nyuma, anatazama bonde. Wenzangu walimwomba asogee ili picha iwe safi. Akasogea, akacheka, akauliza kama amekosea. Nilimwomba arudi. Akarudi, na mimi nikapiga. Kwenye picha hiyo yeye ni mdogo kuliko kucha, shati la kijani, uso hauonekani.

Jioni tukishuka tulimkuta mzee amemaliza mpini. Alikuwa amevaa koti. Hakutuuliza tumepata nini. Alitaka kupigwa foto yeye, mbele ya nyumba yake, na alikuwa na maagizo. Mlango uonekane. Mwembe uonekane. Miguu isikatwe, maana foto iliyokatwa miguu si ya mtu mzima. Na asitumiwe kwenye simu ya mtu, aletewe karatasi. Tulipiga, akaangalia kwenye kioo cha kamera, akaamuru turudie kwa sababu kola ilikuwa imekunjika.

Karatasi zilichapwa mjini na kupelekwa na dereva wa lori linalokwenda huko kuchukua magunia ya makaa. Nyuma ya moja niliandika salamu. Dereva aliporudi alileta jibu kwa mdomo. Foto ni nzuri, kola imekaa. Lakini mzee anauliza ile ya maji iko wapi, kwa sababu wajukuu wake hawajapanda huko hata siku moja, na wanaisikia tu. Alitaka moja kubwa ya ukutani. Akaongeza sharti: iwe na mtu ndani, juu watoto bajue ukubwa yake.

Nimeipeleka ile ya mlinzi ichapwe, sentimita 30 kwa 40. Fundi wa duka aliniuliza kama aikate upande wa kushoto, kuna kitu kidogo cha kijani kimeharibu ukingo. Nimemwambia aiache hivyohivyo. Lori linaondoka Ijumaa.