AHADI YA MTU ASIYETAKA VITA



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Jirani zako wawili wanagombana, nawe umeapa hutamsaidia yeyote. Usiku mmoja wao anabisha mlango: nipishe ndani ya nyumba yako nimpige mwenzangu kwa nyuma. Ukimfungulia, umekwisha chagua upande. Ukimzuia, vita vimekuwa vyako. Jambo hilo liliipata Ubelgiji mwaka 1914, na moto wake ukafika mpaka kwetu Kongo.

Katika mkataba wa London wa 1839 mataifa makubwa matano, nayo ni Uingereza, Ufaransa, Prussia, Austria na Urusi, yalikubali kwamba Ubelgiji haitaingia vita vya wengine, wala wengine hawataigusa. Tarehe 2 Agosti 1914 Ujerumani ikaipelekea barua: tupisheni twende Ufaransa, hasara tutalipa. Muda wa kujibu ulikuwa saa 12 tu. Mfalme Albert na mawaziri wake wakakataa. Tarehe 4 jeshi likavuka mpaka. Mkubwa wa serikali ya Ujerumani aliuita mkataba ule kipande cha karatasi, na siku ileile akakiri bungeni kwao kwamba wanakosea. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Hakukosa elimu. Alijua haki iko wapi, akatanguliza haja yake. Tarehe 23 Agosti, katika mji wa Dinant peke yake, raia 674 waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo.

Wako wanaosema: si wangewapisha tu, wakaokoa watu wao? Swali hili si la kudharau, maana damu ya watu si maji. Lakini ahadi ya kukaa kando umewapa wote wawili. Ukimpisha mmoja, umemsaliti wa pili. Hudhayfa bin al-Yaman na baba yake walikamatwa na Makureshi njiani kwenda Madina, wakaachiliwa kwa ahadi kwamba hawatapigana pamoja na Mtume. Ikaja Badr, Waislamu wakiwa mia tatu na wachache, kila mkono unahitajika. Mtume (S.A.W.) akawaamuru watimize ahadi yao, ijapokuwa waliowapa ahadi hiyo ni washirikina. Hawakupigana Badr.

Basi Ubelgiji ilikuwa na haki ya kukataa. Hapa wengi hufunga kitabu, na mimi siwezi kukifunga, kwa sababu sisi tumo katika kurasa zake.

Kongo nayo ilitangazwa nchi isiyo na upande mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin. Hakuna Mkongomani aliyekaa katika mkutano ule. Agosti 1914 Ubelgiji ilitaka kwanza Kongo ibaki nje ya vita, lakini meli ya Wajerumani (wazee wetu waliwaita Wadachi), jina lake Hedwig von Wissmann, ikapiga Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Tangu hapo Force Publique ikaingia vitani. Mwaka 1916 ilivuka kwenda Rwanda na Burundi, na tarehe 19 Septemba ikaingia Tabora, mji ambao misafara ya wazee wa Maniema iliujua tangu zamani.

Na mizigo ilibebwa na nani? Wapagazi zaidi ya 200,000, wengi wao kwa kulazimishwa. Maelfu walikufa kwa kuhara, kwa njaa, kwa baridi ya milimani. Ubelgiji ililia kwamba mkubwa amemvunjia mdogo haki yake, na kilio kilikuwa cha kweli. Lakini mkono wa pili ulikuwa umeshika kamba ya mpagazi. Sura ya Maida inatukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Je, itakuwaje kwa watu ambao hawakukukosea chochote?

Vita vilipokwisha, Ubelgiji ikaacha ule mkataba wa kukaa kando. Ikajaribu tena mwaka 1936, na Mei 1940 Wajerumani wakaivamia mara ya pili. Kwa vita vile vya kwanza ilipewa kutawala Rwanda na Burundi. Wapagazi waliorudi walirudishwa mashambani na kwenye kodi.

Leo baada ya swala tutawaombea dua Waislamu miongoni mwao, waliozikwa kando ya njia ya Tabora bila jina juu ya kaburi. Mwenye babu au baba wa babu aliyekwenda huko, amtaje kwa imamu.