Akiba ya Uzee

Kila mwisho wa mwezi mshahara wangu haunifikii mzima. Mimi ni mmoja wa walimu wa serikali ambao, kwa mpango ulioanza Januari 2021, hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya uzee, na serikali huongeza asilimia 15. Fedha hizo siwezi kuzigusa leo. Ni mali ya mzee fulani ambaye sijamjua bado, atakayeitwa kwa jina langu.

Mama yangu, akaaye karibu na Rongo, hakatwi kitu, maana hakupata kuajiriwa maishani mwake. Nilipokubaliwa kuingia chuoni aliuza maksai wake wawili waliokuwa wakivuta plau. Mjomba wangu alimwambia, "Ndugu yangu, unakula mbegu." Mama akajibu, "Siili, naipanda." Jawabu hilo limenisumbua miaka mingi, kwa sababu kilichopandwa hutazamiwa kuvunwa. Je, msomaji wangu, mimi ni shamba la mama yangu? Na wewe, ambaye karo yako imelipwa kwa jasho la mtu, u shamba la nani?

Kabla ya kujibu, yafaa tuijue akiba yenyewe ni kitu gani. Washauri wa mambo ya fedha hutuhimiza tuanze mapema. Husema kwamba shilingi ikizaa asilimia 9 kwa mwaka, na faida isiliwe, huwa shilingi mbili kwa muda wa miaka 8 hivi. Hesabu hiyo ni kweli, wala sikukatazi kuifuata. Lakini hesabu haisemi kitu juu ya mlinzi wa ghala. Mahindi huliwa na fukusi. Ng'ombe hufa: katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza mifugo ya Afrika Mashariki, na aliyelala tajiri akaamka maskini. Fedha nazo zina fukusi wake, na fukusi huyo aghalabu hutoka katika siasa.

Mwishoni mwa 1992 Kenya ilifanya uchaguzi wake wa kwanza baada ya vyama vingi kuruhusiwa tena. Fedha nyingi zilimwagwa nchini. Katika miaka ileile, kwa kashfa ya Goldenberg, hazina ya serikali ilitoa malipo makubwa kwa ajili ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo, hali hazikuuzwa. Mwaka 1993 bei za vitu zilipanda kwa kadiri ya asilimia 46. Mzee aliyeficha shilingi 100 sandukuni alikuta zanunua kile kilichokuwa kikinunuliwa kwa shilingi 68. Hakuna mwizi aliyevunja mlango wake. Nasi wa Migori, ambao tumezoea kuona watu wakiitafuta dhahabu ya kweli kwa sururu huko Macalder, wazazi wetu waliilipia dhahabu ya uongo katika bei ya unga.

Sasa fikiri pamoja nami. Nitakapostaafu nikiwa na miaka 60, sitakula ugali wa mahindi yaliyovunwa mwaka huu. Nitakula mahindi ya wakati huo, yaliyolimwa na mtu ambaye leo ni mtoto, na nikiugua nitatibiwa na muuguzi ambaye leo anajifunza kusoma. Fedha ninazokatwa ni hati ya kudai tu. Sehemu kubwa ya akiba za pensheni nchini hukopeshwa serikali kwa hatifungani, na serikali hulipa kwa kodi za watakaokuwa wakifanya kazi siku hizo. Mlipaji ni wewe. Basi mama yangu na mimi tumefanya jambo moja kwa njia mbili: sote tumeweka akiba ndani ya watu wachanga. Ila yeye aliijua sura ya mdeni wake.

Utasema kwamba mtoto hakutia sahihi popote, na deni asilolikubali mtu si deni. Ni hoja nzito. Lakini hata hatifungani zile hukutia sahihi, nawe utazilipa. Tena liko jambo ambalo watu wa Homa Bay na Migori hatuhitaji kuelezwa. Ukimwi ulipopita katika wilaya zetu, ulichukua hasa watu wa makamo, wale ambao wazazi wao walikuwa wamewapanda. Mabibi waliotazamia kulishwa wakarudi kulisha, wakalea wajukuu wakiwa na migongo iliyopinda. Nani atasema kwamba hawakujua kuweka akiba?

Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, alikuwa waziri wa mipango ya uchumi mwaka 1965, serikali ilipotoa waraka juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo uliishika desturi ya jamaa kusaidiana, ukataka iwe wajibu wa taifa zima. Mwaka uo huo ilitungwa sheria ya NSSF, hazina ya malipo ya uzeeni. Mboya aliuawa Julai 1969 akiwa na miaka 38, akazikwa Rusinga. Mwenyewe hakuuonja uzee. Hazina ile iliwahusu hasa walioajiriwa, na mchuuzi wa omena pale ufuoni alibaki nje. Tangu 2018 mpango wa Inua Jamii umewahesabu pia wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini kidogo hicho hakimuulizi mzee kwanza kama mtoto wake yu hai.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama fedha za mbolea. Alizihesabu mara mbili, akatoa noti mbili, akamwita bibi jirani aleaye wajukuu watatu, akampa. Nilitaka kumkataza, kwa maana nilikuwa nimepiga hesabu ya mifuko na fedha hazikuzidi. Nilinyamaza. Mahindi ya upande wa chini wa shamba yamekuwa ya manjano, na mama anajua sababu yake kama niijuavyo mimi.